Alenichev: Mrusi aliyefunga fainali mbili za Ulaya, kisha mdomo ukamponza

Ukiambiwa utaje mastaa wa Porto ya Jose Mourinho, haraka haraka utasema Deco, Carvalho au Derlei. Kuna kiungo mmoja Mrusi wengi wanamsahau: Dmitri Alenichev.

Alizaliwa 1972 mjini Velikiye Luki. Alitamba na Spartak Moscow, akaenda Roma 1998, lakini Italia mambo hayakumnyookea. Mwaka 2000 akatua Porto, na hapo nyota ikawaka.

Mei 2003 alifunga kwenye fainali ya Kombe la UEFA, Porto ikiichapa Celtic 3-2 baada ya dakika za nyongeza. Mwaka uliofuata, fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Monaco, aliingia akitokea benchi dakika ya 60. Dakika 15 tu zilimtosha: akatupia bao la tatu, mechi ikaisha 3-0.

Akiwa na mataji hayo mawili akarudi nyumbani, Spartak. Mwaka 2006 akamkosoa hadharani kocha wake, Aleksandrs Starkovs, kupitia gazeti la Sport-Express. Klabu ikamtoa kikosini, na huo ndio ukawa mwisho wa soka lake, akiwa na miaka 33. Ajabu ni kwamba Starkovs naye aliachia ngazi muda mfupi baadaye.

Alenichev aligeukia ukocha. Mwaka 2014 aliipandisha Arsenal Tula Ligi Kuu ya Urusi kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata Spartak ileile ikampa timu.