Je, Wajua? Mkono Waweza Kuazimwa Mshipa

Je, wajua ya kuwa mgema aliyeanguka mnazini huko Msambweni, au abiria aliyerushwa na bodaboda katika barabara ya Likoni iendayo Lungalunga, aweza kubaki na mkono usiovunjika mfupa wala kuchubuka ngozi, ilhali hauna nguvu hata ya kuinua kikombe? Sababu yake ni kwamba baadhi ya mizizi 5 ya mishipa ya fahamu, itokayo katika uti wa mgongo pale shingoni ili kuuamrisha mkono, hunyumbuka au hung'oka kabisa wakati kichwa kisukumwapo upande huu na bega upande ule.

Mzizi uliong'oka kwa kawaida haushoneki tena, basi matabibu huazima: mwaka 1994 Christophe Oberlin, mpasuaji wa Paris, alieleza namna ya kutwaa nyuzi chache za mshipa ule ule utushtuao tujigongapo kisugudi, akaziunga na tawi liendalo kwenye tafu ya mkono, na kiganja, kwa ajabu yake Mola, aghalabu hakidhuriki. Lakini mshipa huota takriban milimita 1 tu kwa siku, na tafu iliyokosa amri zaidi ya mwaka hunywea isifufuke. Kwa hiyo anayekawia nyumbani akikandwa mafuta, nasema haya bila ya kumdharau mkandaji, hujinyima fursa adhimu. Aliyefaulu hukunja kisugudi, mwanzoni, kwa kufumba ngumi kwanza, hata ubongo uizoee njia mpya.