Amri ya kuhama katika Minecraft: Namba tatu na mamlaka ya anayeziandika

Mchezo wa video wa Minecraft una amri moja fupi inayomtoa mchezaji mahali alipo na kumfikisha kwingine kwa kufumba na kufumbua. Amri hiyo huokoa muda mwingi, lakini ikitumiwa bila uangalifu humpotezea mchezaji kazi ya siku nyingi, na huzusha suala la nani ana haki ya kumhamisha mwenzake.

Minecraft ulibuniwa nchini Sweden na kutolewa rasmi na kampuni ya Mojang mwezi Novemba 2011. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.5. Katika nchi jirani ya Kenya mchezo huo umevuka mipaka ya burudani: Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lenye makao makuu yake Nairobi, lilianza mwaka 2012 kushirikiana na Mojang katika mpango uitwao Block by Block. Kupitia mpango huo, wakazi wa miji mbalimbali, wakiwemo wa mtaa wa Kibera, wameutumia mchezo huo kuchora maeneo ya umma wanayotaka yajengwe.

Mchezo huu haumpi mtu hadithi ya kufuata. Humpa ardhi iliyofanywa kwa matofali ya mchemraba, kila moja likihesabiwa kuwa na upana wa mita moja, kisha humwachia achimbe, ajenge na asafiri. Ardhi hiyo ni pana mno: mpaka wake uko karibu matofali milioni 30 kutoka katikati. Mchezaji anayetembea hupita matofali zaidi kidogo ya manne kwa sekunde, kwa hiyo mwendo wa matofali 10,000 humchukua zaidi ya nusu saa. Ndiyo sababu amri ya kuhama inapendwa.

Namba tatu za mahali

Kila mahali katika mchezo hutambulishwa kwa namba tatu. Ya kwanza huonyesha mashariki na magharibi, ya pili ni kimo, na ya tatu huonyesha kusini na kaskazini. Mashariki na kusini huhesabiwa kwa namba chanya, magharibi na kaskazini kwa namba hasi. Katika toleo la Java, linalochezwa kwenye kompyuta, namba hizo huonekana kwa kubonyeza kitufe cha F3. Katika toleo la Bedrock, linalopatikana pia kwenye simu, huwashwa katika mipangilio ya mchezo.

Amri yenyewe huandikwa katika sehemu ya mazungumzo, ikitanguliwa na mstari wa mshazari. Kwa mfano, /tp @s 250 70 -400 humpeleka anayeiandika mahali palipo matofali 250 mashariki na 400 kaskazini mwa kitovu, kwenye kimo cha 70. Alama @s humaanisha mwandishi wa amri mwenyewe, @p ni mchezaji aliye karibu zaidi, na @a ni wachezaji wote. Alama ya wimbi, ~, humaanisha "kuanzia hapa nilipo". Hivyo /tp @s ~ ~10 ~ humwinua mtu matofali 10 juu ya mahali aliposimama, kisha ataanguka.

Hatari ya kufika pabaya

Kosa kubwa huwa katika namba ya pili. Tangu mwisho wa mwaka 2021, ardhi ya kawaida ya mchezo huanzia kimo cha -64 hadi 320, na bahari iko karibu na 62. Anayeandika kimo kidogo anaweza kujikuta ndani ya mwamba na kukosa hewa, au katika ziwa la lava. Anayeandika kimo kikubwa huning'inia hewani, na kuanguka matofali 23 humuua mchezaji asiye na kinga. Akifa, kwa kawaida mali yake yote hudondoka hapo alipofia, na isipookotwa hutoweka baada ya dakika tano.

Kinga ni rahisi. Andika kwenye daftari namba za nyumbani kwako kabla ya kuondoka. Usibuni kimo, tumia namba za mahali ulipowahi kusimama. Katika toleo la Bedrock, neno true likiongezwa mwishoni mwa amri, mchezo hukagua kwanza kama mahali hapo pamezibwa na matofali, na pakiwa pamezibwa hauhamishi mtu.

Nani anaruhusiwa?

Amri hii haifanyi kazi hadi mwenye dunia hiyo ya mchezo aruhusu amri. Katika toleo la Bedrock ruhusa hiyo ina gharama: dunia hiyo haitatoa tena tuzo za mafanikio. Kwenye seva inayochezwa na watu wengi, msimamizi ndiye hugawa uwezo huo, na aliyepewa anaweza kumhamisha mtu yeyote bila kumuuliza. Anaweza kumwokoa rafiki aliyepotea pangoni, au kumtupa mtoto ndani ya lava kwa mzaha.

Kwa sababu hiyo seva nyingi huongeza programu yenye amri ya /tpa, ambayo hutuma ombi tu. Anayeombwa ndiye hukubali au kukataa, na asipojibu hakuna anayehama. Mzazi ambaye mtoto wake anacheza na watu asiowajua atafanya vyema kumwuliza ni utaratibu gani unaotumika hapo, na nani anausimamia.

Amri ile ile inaweza kuwa na faida katika kazi ya pamoja kama ile ya Kibera. Kijana aliyezoea kompyuta hufika kila kona ya mchoro, ilhali mzee anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza anaweza kukwama penye ukuta. Msimamizi akiandika /tp @a @s, wote hufika aliposimama yeye, wakaitazama njia au taa inayojadiliwa kutoka mahali pamoja.