Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Ukiona mtoto amevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu, usiseme amenona, wala usidhani amerogwa. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyesoma Oxford, aliueleza ugonjwa huo huko Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Akina mama wa kabila la Ga waliuita kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa ziwa na mdogo wake. Madaktari wengine walimbishia. Watoto wale walilishwa uji mtupu wa mahindi. Basi, mama, uji utie karanga zilizosagwa au maziwa. Nawe baba, najua mayai huuzwa tupate chumvi. Moja mwachie mtoto. Akivimba, mpeleke zahanati leo hii, asingoje Jumapili.