Hita ya Vifaranga: Thamostati Iamuru, Isibebe Mzigo
Chato iko kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa kuliko anavyoweza kustahimili kifaranga wa siku moja, anayehitaji nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza. Mfugaji anayeacha mkaa na kufunga hita yenye thamostati anafanya jambo la maana: hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 12 mfululizo hula uniti 24 za LUKU, ikiwaka nusu ya muda huo hula 12. Kasoro iko kwenye ufungaji. Umeme wote wa hita hupitishwa ndani ya thamostati ndogo ya kidijiti, wakati kazi yake ingekuwa kuamuru tu, mzigo ukabebwa na kontakta, yaani swichi inayopokea amri hiyo.

Fundi atapinga akisema thamostati imeandikwa ampea 10, na wati 2,000 kwa volti 230 ni ampea 8.7. Hesabu yake ni sahihi, ila umeme ukipanda hadi volti 250, hita ileile huvuta karibu ampea 9.5. Tena rilei iliyo ndani ya thamostati huwasha na kuzima mara nyingi kila usiku, na kila mara cheche hula ncha zake, mpaka siku zinapogandana. Hapo kioo kitaonyesha hita imezimwa huku koili inawaka. Vifaranga watakufa kwa joto, na maranda yaliyotandazwa chini yanaweza kushika moto. Kontakta nayo huchakaa, ni kweli. Kwa hiyo pawepo kikata joto cha pili kwenye waya wa hita yenyewe, chenye uwezo wa kubeba mzigo wake, maana kontakta iliyoganda haisikii amri. Gharama inaongezeka, lakini vifaa hivi hununuliwa mara moja na kuhudumia makundi mengi ya vifaranga.

Wapo wanaokata nyutro badala ya waya wa moto, kwa hoja kwamba hita inazimika vilevile. Inazimika, lakini koili hubaki na volti 230, na anayeifuta vumbi hajui. Ukatwe waya wa moto, utambuliwe kwa testa wala si kwa rangi pekee, na bodi ya hita iungwe na ethi. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mfugaji mwenyewe ahakikishe kihisi kinakaa usawa wa mgongo wa kifaranga, mbali na upepo wa hita.