Je, Wajua? Si Kila Joka Hulalia Dhahabu

Mpwa wangu yuko darasa la saba na anaandika hadithi. Ina joka, ina pango, ina lundo la dhahabu. Alipomaliza kunisomea, nilimwuliza swali moja tu: hiyo dhahabu, joka lilitaka kununulia nini? Akanyamaza. Kusema kweli hata mimi sikuwa na jibu, ndipo nikaanza kumkusanyia haya yafuatayo.

Tuanze na jina. Je, wajua kwamba Kiswahili hakikuhitaji kuazima neno kwa mnyama huyu? Nyumba ikikua huwa jumba, nyoka akikua huwa joka. Watafsiri wa Biblia walilikuta neno tayari, wakampa yule mwekundu wa Ufunuo sura ya 12, mwenye vichwa saba na pembe kumi. Wagiriki walipita njia nyingine. Neno lao, drakon, lina undugu na kitenzi cha kutazama, kwa hiyo joka lao ni mkodoa macho. Sisi tuliona ukubwa, wao waliona jicho. Ndiyo maana katika ngano zao joka huwa askari wa zamu: moja lililinda ngozi ya dhahabu kule Kolkisi bila kufumba macho, na jingine, Ladon, lililinda matofaa ya dhahabu. Mali ni ya wengine, kazi yake ni kukesha.

Joka lenye mali yake lenyewe tunalipata kaskazini mwa Ulaya. Katika Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale wenye mistari zaidi ya 3,000, joka linaingia katika kaburi la kale, linakuta hazina ya watu waliokwisha kufa wote, linailalia miaka 300. Siku moja mtumwa mtoro anaingia na kuiba kikombe. Kikombe kimoja! Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini joka hili halina daftari wala karani, na bado linajua. Linatoka usiku kuchoma vijiji. Beowulf, ambaye sasa ni mfalme mzee, analiua naye anakufa kwa jeraha, kisha watu wake wanaifukia hazina pamoja naye, na hakuna aliyeila hata senti. J. R. R. Tolkien, aliyeufundisha utenzi huo Oxford, alichapisha The Hobbit mwaka 1937, na humo pia mwizi anaanza na kikombe. Smaug, joka la Tolkien, lilikuwa limelala juu ya vito kwa muda mrefu hata vikanasa tumboni na kuwa deraya. Mwaka 2013 jarida la Forbes, katika orodha yake ya mzaha ya matajiri wa kubuni, lililikadiria utajiri wa dola bilioni 54.1.

Hapo nikachukua kikokotoo. Je, wajua kwamba dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji? Chupa ya nusu lita ya soda ukiijaza dhahabu ina kilo karibu 10. Ile ndoo ya lita 20, ambayo mtu huijaza maji bombani na kuipandisha kichwani, ukiijaza dhahabu ina kilo 386, na hapo watafute wabebaji wa bandarini. Kwa hiyo shujaa anayelishinda joka halafu akaondoka na gunia begani ni mwongo. Tena dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa duniani, tani laki mbili na ushee, ukiiyeyusha na kuifinyanga iwe mchemraba, kila upande utakuwa na mita 22 hivi. Ni kama jengo la ghorofa saba, na linakaa ndani ya nusu ya kiwanja cha mpira bila kugusa chaki. Yale mapango ya sinema yenye dhahabu hadi upeo wa macho yamejaa kitu kingine, labda misumari ya shaba.

Na joka likifa, je? Waandishi wengi huishia kwenye sherehe. Wangeuliza Cairo. Mwaka 1324 Mansa Musa wa Mali alipita pale akienda kuhiji, akagawa dhahabu mkono wazi, na thamani yake ikaporomoka sokoni. Mwandishi al-Umari, aliyefika miaka kama 12 baadaye, alikuta bei haijarudi mahali pake. Huyo alikuwa mtu mmoja na msafara wake. Sasa fikiria mji mdogo ulioletewa ghafla tumbo zima la mlima: kufika Ijumaa kilo ya unga itauzwa kwa taji.

Lakini hadithi ya hazina ninayoipenda kuliko zote inatoka Afrika Magharibi, na nashangaa kwa nini wabunifu wa michezo na riwaya hawajaigombania. Wasoninke husimulia kwamba Wagadu, ufalme ambao Waarabu waliuita Ghana, ulikuwa na mkataba na nyoka mkubwa mweusi aitwaye Bida. Kila mwaka alipewa bikira mzuri kuliko wote, aliyepambwa kama bibi harusi. Kwa malipo yake nyoka aliiletea nchi mvua na dhahabu. Mwaka mmoja zamu ilimwangukia Siya. Mchumba wake akajificha karibu na kisima cha nyoka, upanga umenolewa. Bida alipochomoza kichwa, akakikata. Kikaota kingine, akakata tena, hadi cha saba. Kichwa cha mwisho kikaruka angani na laana mdomoni: miaka saba bila mvua, bila dhahabu. Kikaanguka mbali kusini, Bure, na machimbo ya Bure ndiyo yaliyokuja kuzitajirisha dola zilizofuata. Wagadu ikakauka, watu wakatawanyika.

Hebu litazame vizuri joka hilo. Halilalii kitu. Lenyewe ndilo chemchemi, na anayeliua huwa amefunga bomba la mji. Nani shujaa hapo? Kijana aliyemwokoa mchumba wake, au wale wazee waliohesabu binti mmoja kwa mwaka wakaona hesabu inalipa? Nimemsimulia mpwa wangu, akasema wazee ni wabaya. Kisha akauliza wale watu waliotawanyika walikula nini njiani. Nikaona mwandishi anazaliwa.

Je, wajua kwamba hazina ya nyoka wenye mabawa iliwahi kuwa ile unayoiweka kwenye chetezo? Herodotus, Mgiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika kwamba huko Arabuni miti ya ubani ililindwa na nyoka wadogo, wa rangi mbalimbali, wenye mabawa, makundi kwa makundi kwenye kila mti. Wavunaji waliwafukuza kwa kufukiza utomvu wa mti mwingine. Watu wengi hukisia kwamba wafanyabiashara walieneza uvumi huo ili bei isishuke, na mimi nawaunga mkono, maana hata leo muuzaji hakosi kisa cha taabu aliyoipata kuleta mzigo. Ubani wenyewe bado unavunwa Dhofar, Oman: mgema hukwangua gome, utomvu mweupe unatoka kama machozi, anauacha ugande. Huko ndiko jahazi nyingi zilikoutoa kuuleta Lamu, Mombasa na Unguja. Basi jioni kaa la moto likipokea punje yake na moshi ukapanda chumbani, ujue hapo Herodotus angetafuta mabawa darini.

Kisiwani Socotra upo mti ambao ukiutia jeraha hutoa utomvu mwekundu kama damu. Wazungu wameuita damu ya joka tangu zamani, na Pliny Mrumi alieleza asili yake: joka na tembo walipigana, tembo akaliangukia joka, damu zao zikachanganyika ardhini. Waarabu wao huuita damu ya ndugu wawili. Kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinautaja utomvu wa kisiwa hicho unaokusanywa tone kwa tone kutoka mitini, na ni kitabu hichohicho kinachoitaja Rhapta, bandari ya pwani yetu. Hapo hazina ni mwili wa joka wenyewe: mbao hutiwa rangi kwa utomvu huo na vidonda hupakwa.

Wachina walikwenda mbali zaidi, wakalinywa. Kwa karne nyingi maduka yao ya dawa yaliuza mifupa ya joka, ikisagwa unga wa kutibia. Mwaka 1899 mwanachuoni Wang Yirong alitambua kwamba baadhi ya mifupa hiyo ilikuwa na maandishi. Ilikuwa mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe ambayo waaguzi wa wafalme wa Shang waliandika maswali yao, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita: je, mvua itanyesha, je, vita tutashinda? Sijui hazina iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo ilikuwa inamezwa kijiko kwa kijiko. Huko China joka halitemi moto. Ni la maji, huleta mvua, na wafalme wa majoka wana majumba chini ya bahari yenye ghala na askari. Katika riwaya yao ya Safari ya Magharibi, tumbili Sun Wukong anashuka kwa mfalme wa bahari ya mashariki kudai silaha, anaondoka na fimbo ambayo uzito wake umeandikwa juu yake, jin 13,500. Tazama tofauti: lile la Beowulf linakaa juu ya vitu vya marehemu, hili lina bohari na mtunza bohari.

Rangi tunazozizoea leo zimetoka katika mchezo. Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ndio uliopanga majoka kama vitambaa dukani: jekundu hutema moto, jeupe baridi, jeusi asidi, la buluu radi, la kijani gesi ya sumu. Yenye rangi ni maovu, yenye madini, kama fedha na shaba, ni mema. Malkia wa maovu amepewa jina Tiamat, mungu wa bahari wa Babeli, na mfalme wa mema anaitwa Bahamut, jina ambalo katika vitabu vya Waarabu ni la samaki mkubwa aliye chini ya fahali abebaye dunia. Samaki amegeuzwa joka, na hakuna aliyemwuliza. Mimi huona mpangilio ule una faida moja na hasara moja kubwa: mchezaji akiona rangi tu, keshajua tabia, hana la kugundua.

Mwandishi Ursula Le Guin aliyapindua hayo yote. Katika vitabu vyake vya mwisho kuhusu Earthsea, visiwa vyake vya kubuni, watu na majoka walikuwa kabila moja zamani, kisha wakagawana: waliotaka mali wakawa watu, waliotaka uhuru wakaruka.

Na sisi tunaye wetu. Je, wajua kwamba Askofu Edward Steere alipochapisha ngano alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, mojawapo ilikuwa ya Hasibu na mfalme wa nyoka? Hasibu, mwana wa mganga, anagundua shimo la asali. Wenzake wanaiuza asali hadi ikaisha, kisha wanamwacha humo shimoni. Nge anaanguka kutoka juu. Hasibu anajiuliza nge ametokea wapi, anatafuta ufa wenye mwanga, anaupanua kwa kisu, na anatokea kwa mfalme wa nyoka, anayempokea kama mgeni. Baadaye analazimishwa kumsaliti. Nyoka anajua tangu mwanzo, anamfundisha: supu yangu ya kwanza mwachie waziri, ya pili kunywa wewe, ya tatu mpe sultani. Waziri anakufa, sultani anapona, Hasibu anakuwa tabibu mkubwa kama baba yake. Hazina ilikuwa elimu, na haikuweza kuibwa bila mwenyewe kutoa maelekezo.

Nilimwambia mpwa wangu achague mali yoyote iliyowahi kuwa mali kweli. Nikampa simbi. Kwa karne nyingi zilikuwa fedha, na Waganda mpaka leo huita fedha ensimbi, lakini karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kwa shehena Unguja na kuzimwaga Afrika Magharibi hadi zikakosa thamani. Joka lililolala juu ya simbi mwaka 1800 likaamka 1900 lingelia machozi. Nikampa pia Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo kando ya Pemba, ambako mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000.

Akazikataa zote, akachagua chumvi. Alikuwa amesikia habari za msafiri Ibn Battuta, ambaye baada ya kuiona Kilwa mwaka 1331 alifika Taghaza, katikati ya jangwa, mwaka 1352, akakuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Joka la mpwa wangu linaishi humo. Haliogopi mikuki. Linaogopa mawingu, kwa sababu mvua moja tu ikinyesha hazina yote inayeyuka chini ya tumbo lake. Ameandika kurasa nne na amekwama kwenye ya tano, ambapo joka la Kichina, lenye adabu zote, linakuja kulitembelea.