Akalla: Siku 30 za duka, miaka 3 ya sheria

Ilikuwa jioni ya Novemba, majira ambayo giza huingia Stockholm mnamo saa tisa alasiri. Nilitoka nyumbani Akalla, kaskazini mwa jiji, nikiwa na binti yangu wa miaka 10 na mfuko wenye jozi ya buti za theluji.

Buti hizo zilikuwa na wiki 6 tu. Soli ya mguu wa kulia ilikuwa imebanduka, na kila mtoto alipokanyaga theluji, maji yalipenya hadi kwenye soksi.

Dukani, muuzaji alizitazama bila kuzigusa, akaonyesha kibao kilichokuwa ukutani, akasema maneno machache. Kiswidi changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji, hivyo mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Mama, anasema siku 30 zimepita."

Nikamwambia aeleze kwamba soli imebanduka yenyewe. Muuzaji akarudia sentensi ile ile, safari hii akimtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu. Foleni nzima ilikuwa kimya. Tukatoka, na siku ya pili nikanunua buti nyingine kwingine.

Ilinichukua majira mawili ya baridi kutambua kwamba muuzaji yule alikuwa amejibu swali ambalo sikumuuliza.

Maneno mawili yanayochanganywa

Akalla ni mtaa wa maghorofa uliojengwa katika miaka ya 1970, wakati Sweden ilipokuwa ikijenga nyumba kwa wingi. Barabara zake zina majina ya Kifini, lakini pamoja na mitaa jirani ya Husby na Rinkeby umekuwa makazi ya watu kutoka pande nyingi za dunia, Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika zikiwamo. Wengi wetu tulifika na kanuni moja ya dukani kichwani, ile inayobandikwa ukutani kuanzia Kariakoo hadi Mombasa: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo tunapoona kibao cha siku 30 tunadhani hiyo ndiyo haki yote tuliyo nayo. Sivyo.

Zile siku 30 Waswidi huziita "öppet köp". Hiyo ni hisani ya duka kwa mteja aliyebadili mawazo: rangi haikumpendeza, au kiatu kinambana. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye duka kupokea tena kitu kizima kilichonunuliwa dukani kwake, na muda huo anaupanga yeye mwenyewe.

Neno la pili ni "reklamation", yaani kulalamika kwamba kitu kina kasoro. Hapo hisani ya duka haihusiki tena. Kwa mujibu wa sheria ya ununuzi wa walaji iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2022, mnunuzi ana miaka 3 ya kudai. Akitoa taarifa ndani ya miezi 2 baada ya kuigundua kasoro, hawezi kuambiwa amechelewa.

Tena, kasoro ikijitokeza ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kwa kawaida huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu kitu kilipouzwa, na ni juu ya muuzaji kuthibitisha vinginevyo. Kabla ya mwaka 2022 muda huo ulikuwa miezi 6 tu. Muuzaji hupewa kwanza nafasi ya kutengeneza au kubadilisha, kwa gharama yake. Akishindwa, mnunuzi aweza kudai apunguziwe bei au arudishiwe fedha. Buti iliyochakaa kwa kuvaliwa haimo katika hesabu hii.

Risiti niliyoikataa

Nilikuwa na kosa langu pia. Siku ya kununua, mhudumu aliniuliza kama nataka risiti, nami nikajibu "hapana, asante", nikidhani nimeonyesha adabu. Sheria haidai karatasi hiyo, ila mnunuzi lazima aweze kuthibitisha ununuzi wake. Kwa kuwa nililipa kwa kadi, taarifa ya benki ingetosha.

Duka likikataa, yafaa kuliandikia barua pepe yenye tarehe na picha za kasoro. Likiendelea kukataa, kuna bodi ya taifa ya malalamiko ya walaji, ARN, iliyoanzishwa mwaka 1968. Uamuzi wake ni pendekezo tu, wala si hukumu, lakini makampuni mengi huufuata. Madai ya thamani ndogo mno haiyapokei. Ushauri wa bure hutolewa na shirika la serikali la walaji.

Nyumbani nako sheria zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inataja haki za walaji, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lakini Kariakoo ugomvi wa kiatu huamuliwa kwa maneno, kwa "kaka yangu" na "mteja wangu", na mara nyingi huisha kwa kicheko. Katika duka la Kiswidi, anayepaza sauti hubaki peke yake.

Je, nilidharauliwa? Mpaka leo siwezi kuapa. Muuzaji wa Sweden hutaja bei na kunyamaza, hata kwa Mswidi mwenzake. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumbagua mteja kwa sababu ya asili yake, na malalamiko hupelekwa kwa mchunguzi maalumu, DO. Hata hivyo, kwangu mimi deni la siku ile lilikuwa ni buti.

Mwaka jana binti yangu alinikiri jambo. Jioni ile, kwa hasira, nilimwagiza: "Mwambie ana dharau." Hakusema hivyo. Alimwambia yule muuzaji kwamba mama anashukuru kwa msaada.