Kumwelekeza Mwanafunzi katika Programu Shirikishi: Suala la Alama na Maneno

Mtu ashikaye kitabu hujua mambo kadhaa kabla hajasoma hata sentensi moja. Kurasa zilizolala upande wa kushoto humwonyesha alikotoka, na zile za kulia humwonyesha kilichosalia. Akitaka kurudi, hufunua. Akitaka kujua mpango wa kitabu, hutazama yaliyomo. Programu ya kompyuta inayounganisha maandishi, sauti, picha na filamu haina unene wa namna hiyo. Huonyesha kiwambo kimoja kwa wakati mmoja, na mengine yote huwa yamefichika. Kwa hiyo mwanafunzi hawezi kujua alipo isipokuwa mtungaji wa programu amemwambia.

Makala hii inakusudia kueleza kanuni za kumwelekeza mtumiaji wa programu kama hizo, na kuonyesha kwamba sehemu moja ya kazi hiyo, yaani uteuzi wa maneno ya kuelekeza, ni kazi ya wanaisimu wala si ya mafundi peke yao.

Chimbuko la tatizo

Mnamo 1978 watafiti wa chuo cha MIT, nchini Marekani, walitengeneza programu iliyomwezesha mtu kuzuru mji wa Aspen, katika jimbo la Colorado, hali ameketi mbele ya kiwambo. Barabara za mji huo zilipigwa picha kutoka juu ya gari, na picha hizo zikahifadhiwa katika sahani za leza. Mtumiaji aligusa kiwambo ili asonge, au apinde kushoto au kulia. Yafaa kuzingatiwa kwamba watafiti hao hawakuridhika na picha za barabara pekee. Katika sehemu ya juu ya kiwambo waliweka ramani ndogo iliyoonyesha mahali alipo mtumiaji na njia alizokwisha kupita. Isitoshe, kutoka hapo aliweza kuifungua ramani ya mji mzima na kuchagua pengine pa kwenda.

Mwaka 1987 kampuni ya Apple ilitoa programu ya HyperCard, iliyobuniwa na Bill Atkinson. Kila kiwambo kilikuwa kama kadi, na kadi ziliunganishwa kwa vitufe. Katika orodha yake ya amri, HyperCard ilitenga mambo mawili ambayo watungaji wengi huyachanganya: kurudi kwenye kadi aliyotoka mtumiaji, na kwenda kwenye kadi inayotangulia katika mpangilio. Aliyepotea aliweza pia kuomba aonyeshwe picha ndogo ndogo za kadi 42 alizozipitia karibuni. Mwaka huo huo Jeff Conklin alieleza katika makala yake matatizo mawili ya matini yenye viungo: msomaji kupotea njia, na mzigo wa fikra unaotokana na kuamua kila mara kiungo kipi kifuatwe.

Maswali matatu

Kutokana na mifano hiyo ni dhahiri kwamba kila kiwambo hakina budi kujibu maswali matatu: Niko wapi? Nimetoka wapi? Naweza kwenda wapi? Swali la kwanza hujibiwa kwa kichwa cha habari na kwa kuonyesha nafasi ya ukurasa katika somo zima, kwa mfano “ukurasa wa 4 kati ya 12”. La pili hujibiwa kwa kutia alama viungo vilivyokwisha kufunguliwa. La tatu hujibiwa kwa vitufe vinavyoonekana waziwazi na vinavyobaki mahali pale pale katika kila kiwambo. Kitufe kinachohamahama humlazimu mwanafunzi kukitafuta upya, na muda anaoutumia kutafuta ni muda aliouibia somo.

Sauti na filamu zahitaji uangalifu zaidi. Maandishi humsubiri msomaji, ilhali sauti haimsubiri msikilizaji. Kwa sababu hiyo kila sauti na kila filamu yapasa kuwa na kitufe cha kusimamisha na cha kurudia, na isianze yenyewe bila kuombwa.

Aghalabu husemwa kwamba orodha ya uchaguzi isizidi vipengele saba, kwa kutegemea utafiti wa George Miller wa 1956. Rai hii haina msingi imara. Miller alichunguza mambo ambayo mtu anaweza kuyashika akilini, wala si mambo yaliyoandikwa mbele ya macho yake. Lililo muhimu zaidi ni kwamba vipengele vipangwe kwa mantiki na viitwe kwa majina yanayoeleweka.

Suala la maneno

Hapa ndipo Kiswahili kinapoleta masuala yake mahususi. Chukuliwe mfano wa programu ya kufundishia ngeli, yenye vitufe viwili vilivyoandikwa “Nyuma” na “Mbele”. Katika foleni, aliye nyuma ni yule ambaye zamu yake bado. Lakini siku za nyuma ni zile zilizokwisha kupita. Hali kadhalika, aliye mbele katika foleni ametangulia, ilhali siku za mbele hazijafika. Mwanafunzi anayekifahamu Kiswahili vyema ndiye hasa anayeweza kusita. Maneno “uliotangulia” na “unaofuata” hayana utata huo. Nako kurudi alikotoka mtumiaji, ambako si lazima kuwe kwenye ukurasa uliotangulia, kwaweza kuelezwa kwa kitenzi: “Rudi ulikotoka”.

Maneno hayo yanadai uamuzi mwingine. Upatanisho wa kisarufi haumruhusu mtungaji kuandika “uliotangulia” kabla hajaamua kinachopitiwa kinaitwaje. Kama ni ukurasa, ni “uliotangulia”. Kama ni somo, ni “lililotangulia”. Kama ni kadi, ni “iliyotangulia”. Programu inayotaja ukurasa hapa na kadi pale itafichuliwa mara moja na vitufe vyake. Vivyo hivyo, “Nyumbani” ni tafsiri ya sisisi. Mahali programu inapoanzia si makazi ya mtu, na “Mwanzo”, neno linalotumiwa na Wikipedia ya Kiswahili kwa ukurasa wake wa kwanza, linatosha.

Suala la mwisho ni kutafuta. Watumiaji wa kamusi wanalijua tatizo hili tangu zamani: anayekutana na neno “tulipomwona” lazima ajue kwamba alitafute chini ya “ona”. Programu isiyojua hivyo itamjibu kwamba neno halipo. Inawezekana kabisa kompyuta ichambue viambishi yenyewe. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikwisha kueleza mfumo wa namna hiyo kwa Kiswahili katika makala yake ya 1992. Kinachotakiwa ni mwanaisimu kuwapo wakati programu inapopangwa, si baada ya kukamilika.

Hitimisho

Programu yaweza kupimwa kwa njia isiyo na gharama. Wanafunzi wachache wapewe kazi ya kutafuta jambo fulani katika programu, kisha watazamwe bila kusaidiwa. Kila baada ya muda mfupi waulizwe yale maswali matatu. Pale wanaposhindwa kujibu, kasoro ni ya kiwambo.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi aliyepotea katika programu hasemi kwamba vitufe vimeandikwa vibaya. Husema kwamba ngeli ni ngumu, au kwamba yeye ni mzito wa kuelewa, kisha huifunga programu na huenda asiifungue tena. Walimu wa Kiswahili wakiwaachia wengine kazi ya kuchagua maneno hayo machache, watakuwa wamekubali somo lao lihukumiwe kwa makosa yasiyo yake.